Bibi anataka ngoma, mimi nataka sindano, mdogo wangu anataka kubaki Makunduchi

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya wanne, mwalimu wa sekondari, naishi Temeke, Dar es Salaam. Baba alifariki nikiwa kidato cha sita, kwa hiyo wadogo zangu nimewalea pamoja na mama. Ninayekuandikia habari zake ni wa tatu, kijana wa miaka 24. Nitamwita K.

K alikuwa mwaka wa pili chuoni alipoanza kubadilika. Kwanza aliacha kuoga. Kisha akaacha kulala, akawa anaandika namba ukutani usiku kucha, na siku moja akanipigia simu saa tisa usiku kuniambia kwamba wenzake wa bwenini wanayasoma mawazo yake redioni. Tulimpeleka hospitali, akalazwa wiki tano. Tukaambiwa ni skizofrenia, akaanzishiwa sindano ya kila mwezi na vidonge. Sauti zilipungua, lakini kijana niliyerudi naye nyumbani sikumtambua. Alitembea kama amebeba gunia, udenda unamtoka, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakishiki.

Nikahamishia godoro langu mlangoni kwake. Nilihesabu vidonge, nilimfuata hadi chooni, na kila asubuhi nilimuuliza: umelala? umesikia kitu? mbona umekunja uso? Mama alikuwa analia mbele yake. Halafu wakaja watu kumposa mdogo wetu wa kike. Unajua wanaoposa huulizia nini: kuna wazimu katika ukoo? Mama akamfungia K chumba cha uani, akawaambia wageni yuko chuoni. K alisikia kila kitu. Siku nne baadaye alianza tena kuongea na ukuta.

Mama mdogo ndiye aliyetutumia nauli tumpeleke Unguja, Makunduchi, kwa bibi mzaa mama. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilipokwenda kumtazama baada ya miezi minne, nilielekezwa ufukweni. Maji yalikuwa yametoka, na K yuko ndani ya tope hadi magotini anafukua makumbi ya nazi yaliyozikwa tangu mwaka jana. Aliyabeba kwenye tenga hadi chini ya mti walipokaa wanawake wanayaponda kwa rungu kutoa usumba, na bibi anasokota kamba. Bibi akamwambia, “Mume wangu, hilo tenga dogo hilo, huoni haya?” K akacheka. Mshauri, nilikuwa sijamsikia akicheka karibu mwaka mzima.

Kuna wakati alisimama akawa anasema peke yake, taratibu. Mimi nikanyanyuka. Bibi akanishika kanga akanivuta chini, na marungu yakaendelea kupiga kama hakuna lililotokea. Baada ya muda K akaliokota tenga akarudi topeni. Mwezi wa saba, kwenye Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa huko, aliingia uwanjani na wanaume wa upande wao wakatwangana kwa migomba na wa upande wa pili. Nilipiga kelele wamtoe. Alirudi na utomvu kifua kizima, bega limevimba, akaomba wali.

Sasa tatizo langu. Bibi anasema K ana shetani wa ukoo, yule yule aliyempanda marehemu dada yake. Kila Alhamisi jioni anamnywesha kombe, yale maandishi ya dini yaliyooshwa kwa maji. Hilo nimelinyamazia. Lakini mjomba ameleta fundi, mganga wa mashetani, na fundi ametaka ngoma ya siku saba, tena sindano ikome kabla, kwa kuwa shetani hapendi sindano. Sindano inayofuata ni baada ya wiki tatu, na ngoma imepangwa kabla ya hapo. Mpaka leo hajakosa hata moja. Huchomwa kituo cha afya cha huko, na daktari alimpunguzia dozi akamwongezea kidonge cha kutetemeka. Wakati huo huo chuo kinamtaka aripoti muhula ujao, la sivyo nafasi yake inapotea. Mama anataka arudi.

Nilipomwambia K kwamba nitamfuata, alinijibu, “Dada, huku nikinyamaza watu huniacha ninyamaze.” Sikuwa na la kusema.

Je, nimrudishe hata kwa nguvu? Nikimwacha mikononi mwa watu wa mashetani, sijamtupa? Na nikimtoa pale, nitakuwa nimefanya nini?

Dada Mkubwa, Temeke

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye wodi za wagonjwa wa akili kwa miaka mingi, bara na visiwani, na barua kama yako hunifikia mara nyingi. Nyingi huniambia mgonjwa anafanya nini. Yako imenionesha pia watu wanaomzunguka wanafanya nini.

Ukiitazama kwa haraka, barua yako inauliza: hospitali au ngoma? Mimi naona vitu vitatu vilivyofungwa fundo moja. Kuna sindano. Kuna ngoma na maelezo ya shetani. Na kuna ule uwanja wa bibi: tope, tenga, utani, marungu yasiyosimama. Ukimtoa K Makunduchi ili kumwokoa na cha pili, unaweza kumpotezea cha tatu. Ukimwacha kwa ajili ya cha tatu, unaogopa atapoteza cha kwanza. Hiyo ni hofu ya mtu anayeona vizuri.

Nianze na cha tatu, maana ndicho watu hukidharau kwa sababu hakina chupa wala cheti.

Miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown aliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali wakiwa na ugonjwa kama wa K. Alikuta jambo ambalo hakulitegemea: waliorudi kwa wazazi au wake zao walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wengi waliokwenda kupanga chumba. Yeye na waliomfuata wakachunguza nini kinatokea ndani ya nyumba hizo. Walikuta lawama na uhasama, lakini walikuta pia kitu kinachofanana sana na upendo: jamaa anayemchunga mgonjwa kila pumzi, anayelia mbele yake, anayeacha maisha yake yote kwa ajili yake. Mwaka 1976 wengine waliandika kwamba mgonjwa anayekaa uso kwa uso na jamaa wa namna hiyo zaidi ya saa 35 kwa wiki alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Wewe, mwanangu, ulilala mlangoni kwake.

Tafadhali usiichukue hii kama hukumu. Hakuna aliyekufundisha kingine, na hospitali ilikukabidhi kaka mgonjwa na pakiti ya vidonge ikakuacha barabarani. Ugonjwa haukuletwa na godoro lako. Ninachokuomba ni ulitazame upya jibu la K. Hakusema huku hakuna dawa, wala hakusema huku kuna uganga. Alisema huku akinyamaza anaachwa anyamaze.

Miaka ya 1990 mtafiti Mmarekani, Juli McGruder, aliishi hapo hapo Unguja akikaa na familia za watu wenye skizofrenia. Aliona jinsi kombe linavyoandikwa kwa zafarani, linavyooshwa na kunyweshwa kimya kimya, na jinsi imani ya shetani anayekuja na kuondoka ilivyomwachia mgonjwa njia ya kurudi. Shetani akiwa ametulia, mtu ni mtu, apewe ndoo akachote maji. Akipanda, watu wanangoja. Bibi yako alipokushika kanga alikuwa akifanya jambo ambalo wataalamu walihitaji miaka kulipatia jina. Hata Shirika la Afya Duniani, katika utafiti ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye nchi tisa, lilikuta wagonjwa wa Ibadan na Agra kwa jumla wameendelea vizuri zaidi baada ya miaka miwili, na tena baada ya mitano, kuliko wale wa miji ya nchi tajiri.

Hapa nikusimamishe kidogo, maana habari hizi watu huzigeuza wimbo wa kuisifu shamba na kuilaani mjini. Wataalamu wamebishana sana juu ya matokeo yale. Na mimi mwenyewe nimewaosha vifundo vya miguu vijana waliotoka vijijini, vidonda vya mnyororo vimeingia hadi kwenye mfupa. Maneno yale yale, “ana shetani,” yalitumika kumfunga mmoja kwenye shina la mwembe na kumpa mwingine tenga la makumbi. Kwa hiyo nikiulizwa kama imani ya shetani inasaidia au inadhuru, nami huuliza: katika nyumba hii, imani hiyo inawafanya watu wamtendee nini? Kwa bibi yako, mpaka sasa, imewafanya wamtanie, wampe kazi, wamruhusu apigwe migomba kama wanaume wenzake. Ulipiga kelele wamtoe, na nakuelewa. Lakini hebu fikiri yeye alijisikiaje kuona kwamba kwenye uwanja ule hakuna aliyeogopa kumgusa.

Sasa sindano. Hapa sitazunguka.

Umeandika kwa kupita tu kwamba daktari wa kituoni alimpunguzia dozi na kumwongezea kidonge cha kutetemeka. Rudi kwenye sentensi hiyo. Kijana aliyebeba gunia, mwenye udenda, huenda alikuwa na dozi iliyomzidi, na wewe ukadhani ni ugonjwa. Kule Makunduchi mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, mahali na dozi, na sidhani yupo anayeweza kukuambia lipi lilileta kicheko kile. Bibi atasema kombe. Daktari atasema kidonge. Mimi nisingekubali kuondoa hata kimoja kati ya vilivyopo kwa kubahatisha.

Jambo la pili, mjomba na fundi inafaa walisikie kwa upole. Sindano hizi za mwezi, kama flufenazini inayotumika sana kwenye hospitali zetu, dawa yake imechanganywa na mafuta ya ufuta na kuchomwa ndani ya msuli ili itoke kidogo kidogo. Mtu akiiacha, haishi siku ile. Hubaki mwilini wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Kwa hiyo K akikosa sindano na ngoma ikapigwa, kuna uwezekano mkubwa awe vizuri kabisa mwezi wa kwanza, pengine aonekane mwepesi zaidi kwa kuwa madhara ya dawa yanapungua. Kila mtu atasema amepona. Kisha mwezi wa tatu au wa nne, wakati hakuna anayekumbuka sindano, sauti zinarudi, na watasema shetani kakasirika. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba linaniumiza hata kuliandika.

Je, lazima basi ugombane na fundi? Sina hakika. Wewe umekulia Temeke, lakini mama yako anajua ngoma hizi zinavyokwenda. Shetani hafukuzwi kama mwizi. Huitwa, huulizwa jina, husikilizwa anataka nini: uvumba, nguo, pete, sahani yake. Ni mapatano. Kama ni mapatano, nani kasema sindano haiwezi kuwemo? Nimewahi kukaa kwenye kilinge nikamsikia fundi mwenyewe akimwambia kiti wake, yaani mtu aliyepandwa, kwamba mgeni, yaani shetani, amekubali dawa ya hospitali kwa sharti la kufukizwa kabla ya kwenda kuchomwa. Walimu wengi wa kombe nao hawana ugomvi na kliniki. Mwombe bibi, aliyekwisha kukuonesha busara yake, aende kwa fundi na swali hilo. Akitoka mdomoni kwake litasikika tofauti na likitoka kwa mwalimu wa sekondari aliyeshuka kwenye boti.

Hili si jambo geni Afrika. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo, Mnijeria aliyesomea Uingereza, alianzisha pale Aro, Abeokuta, utaratibu wa wagonjwa kukaa vijijini kando ya hospitali, kila mmoja na jamaa yake, wakienda kutibiwa mchana na kurudi kwa wenyeji jioni. Alishirikiana na waganga wa Kiyoruba bila kuacha dawa za hospitali. Kwake kijiji kilikuwa sehemu ya tiba.

Hata fundi akikubali sindano, bado nina wasiwasi wa mambo mawili. La kwanza ni usingizi. Siku saba za ngoma ni siku saba za kukesha, na kwa ugonjwa huu kukosa usingizi ni kama kuacha mlango wazi. Ulikumbuka mwenyewe kwamba K aliacha kulala kabla mambo hayajaharibika. Ulizeni kama inaweza kupigwa mchana, au apumzishwe usiku. La pili ni dawa za kunywa. Kombe ni maji, zafarani na maneno ya Mungu, halinisumbui. Mizizi nisiyoijua, inayochanganyika na dawa za daktari, inanisumbua. Uliza ni nini, na umwambie daktari wa kituo bila kuficha. Wengi wao ni watoto wa pale pale na wanayajua haya kuliko wanavyokiri.

Nije kwenye chuo, maana naona ndicho kinachokukimbiza. Kumrudisha Dar kuna faida za kweli. Ana miaka 24, ana akili ya namba, na si haki makumbi yawe maisha yake yote eti kwa kuwa yamemtuliza. Wapo wagonjwa wanaotulia kijijini hadi wakasahauliwa huko. Lakini atarudi wapi hasa? Bweni lile lile? Chumba kile cha uani? Kama ni kwenu, mama atakuwa tayari wageni wakija kusema, “Huyu ni mwanangu, alikuwa anaumwa”? Sikulaumu mama, alikuwa anamlinda binti mwingine. Ila K alifungiwa ndani ya nyumba yao wenyewe, na sijaona kwenye barua yako kama kuna aliyemwomba radhi. Pengine hilo linatakiwa litangulie tiketi ya boti, aende au abaki.

Kumwacha nako kuna hatari ambayo huenda hukutaka kuiandika. Bibi ni mzee. Yote haya yamesimama juu ya mabega yake, na siku Mungu atakapomwita, nani atamwambia K tenga ni dogo? Zungumza na mama mdogo. Muulize kituo cha afya dawa zikiisha stoo hufanyaje. Muulize pia Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, kama wanaweza kuwa na faili lake, ili asitegemee mlango mmoja.

Katikati ya kurudi na kubaki kuna nafasi ndogo ndogo. Vyuo vingi huruhusu kuahirisha tena masomo kwa barua ya daktari. Kuuliza hakugharimu kitu. Anaweza kuja Dar wiki moja, alale, ale, aende kuonana na mshauri wa wanafunzi, kisha arudi Makunduchi, ajipime mwenyewe. Au asitake kabisa, na hapo utajua.

Kwa maana katika barua nzima nimesikia bibi anataka nini, mjomba, fundi, mama, chuo, na wewe. K nimemsikia mara moja tu, na alikuwa anakujibu. Juu ya ngoma yenyewe hujamuuliza. Huenda anaitaka. Huenda anaiogopa na hana pa kusemea. Huenda yeye ndiye aliyechoka na sindano, na shetani amembebea maneno. Kumchukua kwa nguvu lipo kama siku moja atakuwa hatarini, na siku hiyo usisite. Kwa leo, unavyoeleza, hayupo hatarini.

Una wiki tatu. Kama unaweza, vuka Ijumaa hii ukae hadi Jumapili. Usimuulize kitu siku ya kwanza. Ukikuta maji yametoka, vua viatu, chukua rungu ukae na wanawake, uponde. Mikono itakuuma. Jumamosi jioni, kama amekaa karibu nawe mwenyewe, muulize la ngoma na la sindano, halafu ungoje jibu hata likichelewa. Kabla ya kupanda boti kurudi, piga picha kadi yake ya kliniki, pande zote mbili, jina la dawa na dozi vionekane, kisha uniandikie tena. Nitakuwa naingoja barua yako.